Klabu Imeshuka Daraja: Mwongozo kwa Mashabiki wa Kuijenga Upya Ari Yake

Katika madaraja ya chini ya soka la England, msimu humalizika mwishoni mwa Aprili na mwingine huanza Agosti. Kwa klabu iliyoshuka daraja, miezi hii ya katikati ndiyo inayoamua kama watu watarudi uwanjani au watajitafutia shughuli nyingine ya Jumamosi alasiri, na mtu aliyekwisha kuzoea Jumamosi isiyo na mpira ni vigumu kumrudisha. Mwongozo huu unahusu miezi hiyo na msimu unaoifuata. Nimeuandika kwa ajili ya mashabiki, si kwa wakurugenzi wala makocha, na zaidi kwa Waswahili wanaoishi Uingereza ambao walifika huko wakizijua klabu kubwa za kwenye televisheni tu, kisha wakajikuta wanaipenda klabu ndogo ambayo uwanja wake wanaufikia kwa miguu.

Kwa asiyeifahamu ngazi yenyewe, juu kabisa kuna ligi nne: Ligi Kuu, Championship, League One na League Two. Klabu zilizo chini ya hizo nne huitwa klabu za nje ya ligi, ingawa nazo zina ligi zao: kwanza National League yenye timu 24, kisha National League North na South, halafu Isthmian, Southern na Northern Premier, na chini yake madaraja mengi ya kimkoa. Hadi miaka ya 1980, klabu iliyoshika mkia katika daraja la nne haikushuka moja kwa moja, bali ilisubiri kura za wenzake. Mwaka 1987 Lincoln City ikawa ya kwanza kushuka kwa msimamo wa ligi, na mwaka uliofuata ikarudi. Mashabiki wengi hudhani kwamba kurudi upesi namna hiyo ndiyo kawaida, lakini Luton Town ilikaa nje misimu mitano, Wrexham miaka 15, na Stockport County, iliyotoka mwaka 2011, ilishuka tena mwaka 2013 hadi daraja la sita na kurejea mwaka 2022 tu. Kwa hiyo kazi hii ipangwe kwa miaka.

Jambo ninaloliamini, na ambalo hatua zote zilizopo hapa chini zimesimama juu yake, ni kwamba ari ya klabu hairudishwi kwa hotuba. Hurudi pale shabiki anapokuwa na kazi yake klabuni, kazi yenye siku maalumu, inayojulikana kuwa ni ya kwake, na ambayo siku asipokuja kila mtu ataona kwamba haikufanyika.

Hatua ya kwanza: Wapigieni watu simu kabla ya kuitisha mkutano

Katika wiki ya kwanza baada ya mechi ya mwisho, msiitishe mkutano. Hasira bado ni mbichi, na mkutano wa watu wenye hasira huishia kumtafuta mtu mmoja wa kutwishwa lawama zote, naye mara nyingi ni kocha ambaye amekwisha kuondoka au kipa aliyekosea mechi moja ya Machi. Badala yake, tafuteni watu kumi wenye sauti ya upole na kila mmoja wao awapigie simu wenzake kumi au kumi na watano.

Anzeni na wale ambao klabu haiwezi kuendeshwa bila wao, ingawa hawatajwi popote: anayefua jezi, anayechora mistari ya uwanja, anayehesabu fedha za mlangoni, anayeuza chai wakati wa mapumziko. Kisha wafuate wenye tiketi za msimu. Kumbukeni kwamba sheria ya Uingereza ya kulinda taarifa za watu haiiruhusu klabu kumkabidhi shabiki yeyote orodha ya namba za simu kiholela. Kwa hiyo ama ofisa wa klabu apige simu hizo mwenyewe, ama aombe kwanza ridhaa ya wahusika. Maswali yawe matatu tu: utarudi msimu ujao? Ni jambo gani lililokuudhi kuliko yote mwaka huu? Na kuna kazi gani unayoiweza ambayo klabu haijawahi kukuomba uifanye? Majibu yaandikwe katika daftari, kwa sababu swali la tatu ndilo litakalowalisha kwa msimu mzima. Miongoni mwa watu mia moja wanaosimama pembeni mwa uwanja mdogo, huwa kuna fundi umeme, mhasibu mstaafu, mwalimu na dereva wa basi, na kwa miaka mingi hakuna aliyewauliza wanafanya kazi gani.

Simu hizi zina kazi nyingine pia. Kuna mzee ambaye amesimama nyuma ya goli lilelile tangu ujana wake, na kwake kushuka daraja ni msiba. Sisi tunapofiwa, hatumwambii mfiwa asilie wala hatumhakikishii kwamba mwakani mambo yatakuwa mazuri. Tunakwenda, tunatoa pole, tunakaa naye. Mzee huyo apigiwe simu kwa moyo huohuo, na aliyempigia asiwe na haraka ya kuikata.

Iwapo bado kuna jambo lolote la kushangilia, hata liwe dogo, likusanyieni watu. Mwaka 2017 York City ilishuka kutoka National League mwishoni mwa Aprili, na tarehe 21 Mei mwaka huohuo ikaifunga Macclesfield Town 3–2 pale Wembley na kutwaa FA Trophy, kombe la klabu za nje ya ligi. Si kila klabu itakwenda Wembley, lakini karibu kila klabu ina timu ya vijana inayocheza fainali ya wilaya au mchezaji mkongwe anayestahili kuagwa.

Hatua ya pili: Mkutano wa wazi, wenye maswali yaliyotumwa mapema

Wiki ya tatu au ya nne inafaa. Tafuteni ukumbi ambao mtu wa kiti cha magurudumu ataingia bila kubebwa, na mwenyekiti ambaye si mkurugenzi wala si mpinzani wao anayejulikana. Nusu saa ya kwanza iachwe kwa malalamiko, kila mzungumzaji akipewa dakika tatu, na mwenyekiti asisite kuukatisha mchango unaomtukana mchezaji. Wachezaji wengi wa madaraja haya hufanya kazi nyingine mchana, huja mazoezini jioni wakiwa wamechoka, na baadhi yao wanaishi mtaa mmoja na hao wanaowazomea.

Baada ya malalamiko, wakurugenzi wajibu maswali ambayo mmewatumia kwa maandishi wiki moja kabla. Mimi ningetuma manne: klabu inadaiwa kiasi gani, na nani anayeidai? Uwanja ni mali ya nani, na mkataba wa pango unakwisha lini? Bajeti ya mishahara ya msimu ujao ni kiasi gani ikilinganishwa na ya msimu uliopita? Na pakitokea mabishano, ni nani mwenye uamuzi wa mwisho? Mkurugenzi asiyejibu mojawapo ya maswali haya aombwe aseme hadharani ni lini atajibu, na tarehe hiyo iandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Mtu asitoke ukumbini kabla ya kupita kwenye meza ya karatasi za kazi. Hapo ndipo mkutano unapozaa matunda au unapogeuka kuwa baraza la kunung'unika, nami nitazieleza karatasi hizo katika hatua ya tano.

Hatua ya tatu: Zisomeni hesabu

Klabu nyingi za Uingereza zimesajiliwa kama kampuni, na hesabu za mwaka za kampuni huwekwa wazi na msajili, yaani Companies House, ambapo mtu yeyote anaweza kuzisoma bila malipo. Kampuni ndogo huruhusiwa kuwasilisha mizania fupi tu, yaani muhtasari wa mali na madeni, lakini hata mizania fupi inaonyesha deni limeongezeka au limepungua kutoka mwaka hadi mwaka. Mkabidhini kazi hii mhasibu mstaafu wa kwenye daftari lenu, naye aeleze alichokiona kwa lugha ambayo kila mtu ataielewa.

Hesabu nyingine mnaweza kuifanya wenyewe mezani. Tuseme timu imeshuka hadi ligi yenye timu 22. Itacheza mechi 21 za nyumbani. Iwapo kiingilio ni pauni 12 na watazamaji mia moja wameacha kuja, klabu itakosa pauni 25,200 kwa mwaka, kabla hata ya kuhesabu chai, bia na tiketi za bahati nasibu ambazo watu hao wangenunua. Sasa geuzeni hesabu hiyo: kila mtu kumi mtakaowarudisha ni pauni 2,520. Shabiki akiiona namba hiyo ubaoni, anaelewa kwamba simu zake za Mei zilikuwa na thamani.

Jihadharini na ahadi moja ambayo husikika katika kila klabu iliyoshuka: "Tutatumia fedha nyingi mwaka huu turudi mara moja, kisha tutabana matumizi." Mapato yameshuka, na mishahara ikibaki ileile ya daraja la juu, lazima mtu fulani aikopeshe klabu tofauti iliyopo, siku mtu huyo atakapochoka, klabu itakuwa na deni na bado iko chini. Swali la kuuliza ni hili: tusipopanda msimu ujao, mpango wa mwaka wa pili ni upi?

Hatua ya nne: Undeni chama chenye sauti kisheria

Mswahili aliyekulia Dar es Salaam anaifahamu kadi ya uanachama. Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 zimekua kama klabu za wanachama, zenye matawi, mikutano mikuu na mabishano yasiyokwisha kuhusu katiba. Nchini England ilikuwa kinyume: kwa miaka mingi klabu ilikuwa mali ya mfanyabiashara wa mji, na shabiki alinunua tiketi tu. Anayetoka kwetu ana uzoefu wa mambo haya ambao wenyeji wake huenda hawana, asiuonee haya.

Muundo unaotumika zaidi ni ushirika wa manufaa ya jamii, unaosajiliwa na mamlaka ya fedha, FCA, chini ya sheria ya mwaka 2014. Wanachama watatu wanatosha kuuanzisha, na kila mwanachama ana kura moja, awe ameweka pauni moja au pauni elfu moja. Umoja wa kitaifa wa mashabiki, Football Supporters' Association, ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha vyombo viwili vilivyotangulia, unazo katiba za mfano ambazo zitawaepusha kuanza na karatasi tupu.

Chama si lazima kimiliki klabu. Kuna ngazi tatu, na ni vyema mkubaliane mapema mnalenga ipi.

Ngazi ya kwanza ni kusikilizwa: kikao cha mara kwa mara na wakurugenzi, chenye kumbukumbu zilizoandikwa. Sheria ya Usimamizi wa Soka ya mwaka 2025, iliyounda msimamizi huru wa soka nchini England, imeyafanya mashauriano na mashabiki kuwa wajibu kwa klabu za madaraja matano ya juu. National League imo humo. Madaraja yaliyo chini yake hayamo, kwa hiyo klabu iliyoshuka kutoka la tano hadi la sita imetoka pia katika kinga hiyo, na chama chenu kinapaswa kuidai kwa makubaliano kile ambacho sheria hailazimishi tena.

Ngazi ya pili ni kulinda utambulisho, na mfano wake bora ni Luton Town. Mwaka 2014, msimu iliporudi kutoka nje ya ligi, klabu hiyo ilikipa chama cha mashabiki kiitwacho Trust in Luton haki ya kisheria ya kuzuia mabadiliko ya jina la klabu, jina lake la utani, rangi na nembo. Haki hiyo haikuigharimu klabu fedha nyingi, lakini ilimhakikishia shabiki kwamba lolote litakalotokea, hatazinduka siku moja na kukuta timu yake imevalishwa rangi asizozijua.

Ngazi ya tatu ni kumiliki. Exeter City ilishuka kutoka daraja la nne mwaka 2003 ikiwa katika hali mbaya ya fedha, na chama cha mashabiki kikaichukua. Januari 2005, ikiwa bado nje ya ligi, ilitoka sare ya 0–0 na Manchester United pale Old Trafford katika Kombe la FA, ikapoteza marudiano nyumbani 0–2, na fedha za mechi hizo mbili zikaisaidia sana kulipa madeni. Ilipanda mwaka 2008 kwa kuifunga Cambridge United 1–0 Wembley. Watu hupenda kuisimulia Old Trafford peke yake. Mimi naona la kujifunza ni kwamba palikuwa na chama kilichokwisha kujipanga kuzipokea fedha hizo na kuzielekeza kwenye madeni, badala ya kuzimaliza kwa usajili.

Wrexham, klabu ya Wales inayocheza katika ligi za England, inajulikana sasa kwa sababu ya waigizaji wawili walioinunua Februari 2021. Wasichokijua wengi ni kwamba mwezi Agosti 2011, klabu ilipotakiwa kuweka dhamana ili iruhusiwe kuanza msimu, mashabiki walichanga zaidi ya pauni 100,000 ndani ya siku moja, kisha chama chao kikaimiliki klabu kwa karibu miaka kumi. Waigizaji hao waliikuta klabu ikiwa hai kwa sababu hiyo, na walihitaji kura ya wanachama ndipo waipate.

Hatua ya tano: Uwanja, na karatasi za kazi

Kuhusu uwanja nina mambo mawili ya kusema, la kisheria na la mikono.

La kisheria ni fupi. Chini ya sheria ya mwaka 2011 inayohusu serikali za mitaa nchini England, chama cha jamii, au kundi lisilosajiliwa lenye angalau watu 21 walioandikishwa kupiga kura katika eneo husika, linaweza kuiomba halmashauri iuingize uwanja katika orodha ya mali zenye thamani kwa jamii. Ukiingizwa, hukaa humo miaka mitano, na mwenye uwanja akitaka kuuza hulazimika kutoa taarifa, ili jamii ikitaka ipewe miezi sita ya kujiandaa kutoa bei. Sheria hiyo haimlazimishi awauzie nyinyi. Hata hivyo muda ni mali, na klabu iliyoshuka daraja ndiyo ambayo wajenzi wa nyumba huitazama kwa jicho la tamaa. Machi 2018 Dulwich Hamlet ya kusini mwa London ilifungiwa nje ya uwanja wake, Champion Hill, kwa sababu ya mgogoro na kampuni iliyomiliki eneo hilo; ikahamia kwa majirani zake Tooting & Mitcham, mashabiki wakaifuata, ikapanda daraja ikiwa uhamishoni, na Desemba mwaka huohuo ikarudi nyumbani.

La mikono ndilo linalochukua majira yote ya joto. Kateni karatasi ngumu, na kila moja iandikwe kazi moja tu, yenye saa zinazokadiriwa, vifaa vinavyohitajika na jina la mtu wa kumuuliza. "Kupaka rangi jukwaa" ni kazi kubwa mno kwa karatasi moja. Hakuna atakayeichukua, au ataichukua mmoja na kushindwa. Andikeni hivi: "Kukwangua kutu kwenye vyuma vinane vya uzio, kuanzia bendera ya kona hadi benchi la wageni, muda wa saa tatu, brashi ya chuma ipo stoo." Kazi ya namna hiyo huchukuliwa na baba na binti yake wakaimaliza Jumamosi moja, na Agosti wakifika uwanjani huenda kwanza kuvitazama vyuma vyao vinane.

Pangeni siku za kazi mara mbili kwa mwezi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, na chakula kiwepo. Wachezaji waliosajiliwa waombwe kuja japo kwa saa moja, wakaushika mswaki wa rangi pamoja na watu watakaowashangilia. Klabu yenye kocha mwenye busara itakubali mara moja. Kazi za umeme, kazi za juu ya ngazi ndefu na kazi za mabati ya zamani yanayoweza kuwa na asibesto zisiguswe na asiye na ujuzi, na kabla ya kuanza muulizeni katibu kama bima ya klabu inawahusu watu wanaojitolea. Yeyote atakayepewa jukumu la kudumu la kuwasimamia watoto lazima apitie ukaguzi wa rekodi za jinai, unaoitwa DBS, kupitia utaratibu wa chama cha soka. Jambo hili huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo lianze Mei.

Kosa ambalo nimeliona likirudiwa ni kumpa kila kazi mtu yuleyule kwa kuwa hakatai. Mtu huyo ataifanya, ataifanya vizuri, na baada ya miaka miwili atachoka na kuondoka kimya, akiwa na funguo zote na siri ya namna mashine ya kukatia nyasi inavyowashwa. Kila kazi ya kudumu iwe na watu wawili, mmoja anayeijua na mmoja anayejifunza.

Hatua ya sita: Fungueni mlango kwa watu ambao hawakuwahi kuja

Daraja la chini lina mambo yake mazuri, na nyinyi ndio wa kuyatangaza. Sheria ya mwaka 1985 inayokataza watazamaji kunywa pombe mahali panapoonekana uwanja inazihusu mechi za ligi nne za juu na National League; chini ya hapo, anayetaka kutazama mpira na glasi ya bia mkononi hazuiwi na sheria hiyo. Pasipo na uzio wa kutenganisha mashabiki, watu huhama wakati wa mapumziko na kwenda kusimama nyuma ya goli ambalo timu yao inalishambulia. Wenye watoto wadogo wanaupenda uhuru huo kuliko wanavyofikiriwa. Tena Jumamosi alasiri, kati ya saa nane na dakika arobaini na tano na saa kumi na moja na robo, mechi za soka hazirushwi moja kwa moja kwenye televisheni ya Uingereza, kanuni iliyowekwa ili kuzilinda klabu ndogo kama yenu. Itumieni.

Kuhusu bei, FC United of Manchester, klabu iliyoanzishwa na mashabiki mwaka 2005, iliamua kuanzia mwaka 2009 kumwachia shabiki alipe anachoweza kwa tiketi ya msimu, juu ya kiwango cha chini kilichowekwa. Mfumo huo unafaa pale tu ambapo watu wameelezwa hesabu kwa ukweli, ndiyo maana hatua ya tatu ilitangulia. Ipo pia Siku ya Klabu za Nje ya Ligi, iliyoanza mwaka 2010, ambayo kwa kawaida huangukia wikendi ambayo ligi mbili za juu zimesimama kupisha timu za taifa. Pangeni kwamba siku hiyo kila mwanachama alete mtu mmoja ambaye hajawahi kuja, akae naye, na amtambulishe kwa wengine kwa jina.

Usisahau timu ya wanawake, kama ipo, na kama haipo ulizeni kwa nini. Lewes, klabu ya kusini mwa England iliyochukuliwa na jamii mwaka 2010 baada ya kushuka kutoka daraja la tano, iliamua mwaka 2017 kuzipa bajeti sawa timu yake ya wanaume na ya wanawake, na kwa uamuzi huo mji mdogo ukapata wanachama kutoka mbali sana.

Kwa Mswahili nina pendekezo mahususi. Dirisha la chai la uwanjani huuza pai, chipsi na chokoleti, na kwenye baridi ya Novemba hakuna atakayeikataa sambusa ya moto. Zungumza na anayesimamia dirisha hilo, usimpite, kwa sababu ni ufalme wake. Anayeanza kuuza chakula mara kwa mara anatakiwa kujisajili katika halmashauri siku 28 kabla ya kuanza, na usajili huo haulipiwi. Nasi tuna jamaa wengi ambao wameishi katika miji hiyo miaka kumi bila kuingia uwanja wa mtaa, wakidhani hapakuwa pao. Sambusa na sura wanayoifahamu dirishani zitawaambia vinginevyo.

Hatua ya saba: Mechi kumi za kwanza, na miezi ya mvua

Agosti ikifika, huenda timu ikapoteza mechi mbili au tatu mfululizo, kwa kuwa wachezaji ni wapya na kila mpinzani anataka kuifunga timu iliyotoka juu. Kubaliana na wenzako mapema kwamba kocha hatajadiliwa kwa mabango wala kuzomewa kabla ya mechi ya kumi, na malalamiko yapite katika kile kikao chenye kumbukumbu. Safari za ugenini zipangwe kwa basi moja la kukodi badala ya magari ishirini, hata kama viti vichache vitabaki wazi, kwa maana ndani ya basi ndimo mashabiki wapya hujifunza nyimbo na vijana husimuliwa habari za wazee. Katika raundi za awali za Kombe la FA, ambazo kwa klabu hizi huanza mapema sana, nendeni wengi: kila raundi ina fedha za zawadi, na kwa bajeti ndogo raundi mbili zinaweza kulipa mishahara ya wiki kadhaa.

Januari na Februari ndiyo miezi inayopima kazi yote ya kiangazi. Uwanja hujaa maji, mechi huahirishwa na kurundikana katika usiku wa Jumanne, na mahudhurio hushuka. Andaeni zamu ya watu wanane walio tayari kufika saa mbili asubuhi ya siku ya mechi wakiwa na uma za kutobolea ardhi ili maji yashuke, pamoja na sponji na ndoo, na wawe wanamjua mtunza uwanja ili wasimwharibie nyasi kwa kukanyaga pasipofaa.

Mwamuzi akiamua kwamba hapachezeki, katibu ampigie katibu wa wageni kabla basi lao halijaondoka, tangazo libandikwe getini, na dirisha la chai lifunguliwe vilevile kwa saa moja, maana hakosekani mtu ambaye hakusikia. Yule mzee wa nyuma ya goli, ambaye hana simu ya kisasa, awe na mtu wake wa zamu wa kumpigia nyumbani, na apigiwe kabla ya wengine wote, asije akavaa koti na kutoka kwenye mvua bure.